Muhuri wa Kipini

Shella,
S.L.P. 318,
Malindi.
23 Septemba 1986

Mpendwa Mjomba Fumo,

Shikamoo, na uniwie radhi. Barua yako ilifika kabla sijajifungua, na leo mtoto anajua kucheka. Kila nikishika kalamu huyu analia, au kaka yake anamwaga uji. Usidhani nimekusahau. Hali yako vipi, na ya mkaza mjomba Mwanasiti? Mguu wake umepoa? Nasikia baridi ya Nairobi mwaka huu haitaki kuondoka.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mtoto ni wa kike, tumemwita Hindu, jina la marehemu mamangu. Ananyonya usiku na mchana, na mimi nimekonda hata bangili zanitoka mkononi.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie leo, nilale nisilale. Achari yangu ya ndimu na embe unaijua. Kila chupa huibandika karatasi yenye picha ya kipini, kile cha puani mwa mama. Nilikichora mwenyewe, nikakichonga kwenye soli ya ndara iliyokatika, nikawa napiga muhuri kwa wino. Watu wa hapa, hata wa Kakuyuni, hawaulizi achari ya Hafidha. Husema, nipe ya Kipini.

Nilipoingia arobaini sikugusa kazi, kama ilivyo desturi. Ami Bwanamkuu, mwenye duka mjini, yule aliyemlea mume wangu Mahadhi, akasema mkewe ataniendelezea kazi ili wateja wasitawanyike. Nikampa muhuri kwa mkono wangu, kama unavyompa mtu wa nyumbani ufunguo. Nilipotoka arobaini nikaenda kuutaka. Alinirudishia mara moja, maana hakuuhitaji tena. Chupa zimepangwa dukani na karatasi mpya za rangi, zimepigwa chapa Mombasa: kipini changu juu, na chini yake "Bwanamkuu na Wanawe".

Nikamuuliza kwa adabu. Akacheka.

"Mwanangu, wewe una mtoto wa kunyonya. Mimi nakuhifadhia jina lisipotee. Nikishamuoza binti yangu nakwenda Nairobi kuliandikisha."

"Kwa jina la nani, Ami?"

"La mwenye duka. Au wataka serikali iandikishe sufuria?"

Waliokuwa wakinunua unga wakacheka naye. Nikaaga, nikarudi nyumbani. Arusi yenyewe ni mwezi ujao.

Jirani yetu Jedida, mtu wa bara, anapiga taipu kwa wakili. Alinieleza tukichambua mchele, nami nakuandikia kama nilivyoelewa. Kumbe haki za mtu juu ya kazi yake ni tatu, na mimi nilizidhani moja. Hataza hupewa aliyevumbua kitu ambacho hakikuwako, mashine au njia mpya ya kutengeneza kitu. Achari haimo, bibi zetu wote waliipika. Hata ule uanikaji wangu wa ndimu, kinga yake ni kunyamaza tu. Hakimiliki ni ya kilichoandikwa au kuchorwa. Ile picha ni yangu tangu niichore, bila kuandikisha popote, mradi niweze kuonyesha kuwa ni kazi ya mkono wangu. Lakini jina na picha vinavyomjulisha mnunuzi chupa imetoka kwa nani, hiyo ndiyo alama ya biashara. Hiyo huandikishwa huko kwenu kwa Msajili, kisha hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali ili mwenye pingamizi aseme.

Ami akitangulia, si kwamba nimekwisha, kwa sababu aliyeitumia kwanza ana la kusema. Ila itakuwa mimi wa kuhangaika kwa mawakili na mtoto mgongoni. Nikitangulia, atajieleza yeye.

Mahadhi halipendi jambo hili. Aliniambia, "Yule ndiye aliyenivisha nguo ya kwanza ya shule. Nimshtaki kwa achari?" Nikamwambia hatumshtaki mtu. Ami aiuze achari yangu apendavyo na faida ale, lakini Kipini ni changu, na baada yangu ni cha Hindu. Asubuhi alinipokea mtoto ili niende kwa Jedida kuandikiwa maelezo yangu. Kwangu hilo ni jibu.

Nawe Mjomba, naujua moyo wako, tafadhali usimwandikie Ami kutaka suluhu. Mkishaandikiana wazee nitaambiwa nisamehe, na nitasamehe.

Mpe salamu mkaza mjomba, na Kiponda na nduguze. Mola awape afya na riziki isiyo na usumbufu, na atukutanishe tukiwa wazima.

Vitu ninavyovihitaji ni hivi. Karatasi ya maombi ya alama ya biashara kutoka kwa Msajili, na ziwe mbili, watoto wakiichana moja ibaki nyingine. Majibu yao kama mtu wa Malindi lazima afike mwenyewe au yatosha wewe kunipelekea. Na zile chupa za achari nilizowaletea Idi, kabla sijajifungua, hata kama ni tupu. Zina muhuri wangu na tarehe kwa mwandiko wangu, na Jedida anasema ndizo shahidi kwamba Kipini kilitoka kwangu kabla ya duka la Ami. Mwambie mkaza mjomba asizioshe. Karatasi nilizibandika kwa uji wa unga, zikilowa tu zinabanduka.

Ni mimi mwanao, mwenye mapenzi nawe siku zote,
Hafidha