Miguu ya Mudogo Wangu

Karuba, 6 Machi 2021

Kaka Evode,

Habari ya Ubelgiji? Kikohozi kimepona? Huku tuko wazima, ila Mama anasumbuliwa na magoti. Wageni wakija anawaonyesha picha yako juu ya baiskeli, na ile jezi ya kubana ya mashindano: "Mutoto yangu njo huyu, velo njo inamulisha." Mimi napita hapo hapo na mabidoni ya maziwa, hakuna anayegeuka. Nakuonea wivu, sitaficha. Tulipokuwa tunafanya mazoezi, nani alitangulia kufika juu ya mlima wa Mushaki? Si mimi, kila mara?

Nasikia timu yenu inatafuta mpanda velo mwingine wa huku, hodari wa milima, asiyezidi miaka ishirini na miwili. Ninayo ishirini na mmoja. Nitaje tu kwa kocha.

Mudogo wako,
Jean de Dieu

Ubelgiji, 2 Mei 2021

Mudogo wangu,

Mpe Mama pole ya magoti. Nimechelewa kwa sababu ya mashindano. Kocha nimemuuliza, nikamwonyesha na ile video yako ukipanda Mushaki. Anasema miguu yako haifiki kiwango chao. Usihuzunike sana. Maziwa nayo ni kazi.

Kaka yako,
Evode

Mubi, 19 Agosti 2023

Kaka,

Uhali gani? Tangu vita vifike Karuba, Mama yuko Goma kwa shangazi, anaendelea vizuri. Mimi niko huku Mubi, nabeba abiria kwa pikipiki ya tajiri wangu, Papa Léonard. Velo niliuza.

Nimesikia mmemchukua Trésor wa Sake. Trésor! Yule ambaye akifika juu mimi nimeshamaliza chai? Siku mbili pikipiki sikuigusa. Halafu nikajiambia, kocha aliona video, kaka yangu alimsikia kwa masikio yake. Kumbe nilikuwa najidanganya kwamba nina miguu.

Mudogo wako,
Jean de Dieu

Ubelgiji, 21 Agosti 2023

Mudogo wangu,

Natumaini u mzima. Soma hii ukiwa umekaa.

Kocha sikumuuliza. Yeye ndiye aliyeniuliza kama nyumbani kuna mwingine, nikasema hakuna. Hapa mimi sishindi kitu, hilo sikuwahi kuwaambia. Kazi yangu ni kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa za maji mgongoni na kuwapelekea wenye miguu. Nilijua ukifika tu nitabeba zako, kamera zikituangalia, Mama akiangalia. Wivu ukanikaba.

Sasa nabeba za Trésor. Nisamehe.

Kaka yako,
Evode

Mubi, 30 Novemba 2023

Evode,

Mama anakusalimia, magoti ni afadhali.

Kabla ya barua yako nilikuwa nimetulia. Nilipokubali kwamba sifai, wivu uliisha. Nililala vizuri. Nilianza hata kuwaambia wateja, kwa furaha kabisa, kwamba mpanda velo wa Ubelgiji ni kaka yangu. Sasa umenirudishia miguu yangu, na nimeshafikisha miaka ishirini na mitatu, timu haichukui tena wa umri huo.

Ungeniachia tu ule uongo.

Mtoto wa mama yako,
Jean de Dieu