Kinyama Kisicho na Punje

Dada Eligia, shikamoo.

Utanicheka kwa kukutumia kadi yenye picha ya mlima nawe unaishi hukohuko mlimani Kilema, lakini hapa Moshi dukani hakukuwa na nyingine. Ile habari kwamba sina kansa, niliyompa Mama Deo akuletee Jumatatu, usiitangaze tena. Leo daktari ameniita upya. Amenionyesha picha ya titi la kushoto, imejaa punje nyeupe kama chumvi iliyomwagika. Eti ni chokaa, na ndizo wanazozitilia shaka. Nikamwambia, lakini daktari, kinyama mlichokata mlisema ni kizima. Akasema ndiyo, ni kizima, ila ndani yake hawakuona hata punje moja. Sijui nifurahi au nilie. Majibu ni mazuri, lakini si ya mahali penyewe.

Nikamkumbuka karani wa ushirika akichoma gunia la kahawa la Baba kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, achote za kupima. Bambo likipita pembeni, kahawa mbovu inabaki ndani na Baba anatoka anacheka.

Kesho wanakata tena. Safari hii kinyama chenyewe watakipiga picha kwanza, waone kama punje zimo.

Najua ndizi za ile pombe ya mbege ya shukrani niliyoagiza zimeshaiva, na ndizi hazimsubiri daktari. Pikeni tu. Wakikuuliza ni mbege ya nini, sema hujui, maana hata mimi sijui. Unibakizie kata moja.

Mdogo wako anayekupenda,
Prisca