Kila Mtu Anasema Nimenona

Mama Illuminée mpendwa, nakusalimu kwa heshima. Nisaidie mwanao, na tafadhali usinicheke, kwa sababu wanawake wengine wanakuandikia wakilia kwamba mimba imewaharibu mwili, na mi nakuandikia kwa sababu yangu imenipa mwili, na ninaupenda mpaka naona haya.

Naitwa Uwineza, nakaa Rubona, nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, hapa sokoni, na tangu utoto nilikuwa mkondefu. Si ule wembamba wa kupendeza, hapana, nilikuwa mkavu, nguo zinaning'inia, shuleni waliniita Kijiti, na hata siku ya harusi yangu shangazi Saidati, dada ya baba anayekaa Goma, alinifunga vitambaa viwili kiunoni chini ya umushanana, vazi letu la sherehe, ili nionekane nina nyonga, nikacheza ngoma yote nikiogopa visije vikadondoka mbele ya wakwe. Sasa mimba ina miezi saba na kidogo, na mwili umekuja. Kwanza matiti, kisha nyonga, kisha mikono ikawa ya mviringo, na mwezi huu ndiyo nimefunguka kabisa, nikiamka asubuhi uso umejaa, macho yamekuwa madogo kama ya mtoto aliyeshiba, mashavu yanang'aa, pete ya ndoa imegoma kutoka hata kwa sabuni, viatu vimenikataa navaa kandambili za mume wangu Evode, na Evode anasema hajawahi kuona miguu mizuri hivi. Shangazi Saidati aliponiona alipiga vigelegele barabarani, akaniambia, "Wallahi umenona, sasa we uko mutu." Mama, maneno hayo nimeyangoja maisha yangu yote.

Nimenunua kioo kirefu. Evode akienda bandarini kupakua mitumbwi, mi nasimama mbele ya kioo, najigeuza, nashika tumbo, naangalia mstari mweusi ulioshuka kutoka kitovuni, na hata ile michirizi ya ubavuni ambayo wenzangu wanaipaka mafuta iondoke, mi naipenda, sitaki iondoke.

Bon, shida ni mbili. Ya kwanza ni mama mkwe wangu, Mukankusi, aliyeshuka kutoka Busasamana kunitembelea. Ni mama wa maneno machache. Wakati kila mtu ananisifu, yeye aliniangalia tu, na nilipoketi akanishika mguu, akabonyeza kidole juu ya kifundo, akaliangalia lile shimo lililobaki. Halafu akamwita Evode pembeni akamwambia nipelekwe kupimwa, niache kuzunguka, nilale. Donc nikaelewa kwamba hataki niende harusi ya Bella, mtoto wa shangazi, Jumamosi hii, kwa sababu huko nitavaa umushanana mpya ulioshonwa kufuata tumbo, na kwao wazee mjamzito hajionyeshi. Evode alicheka, akasema mama anaogopa jicho la watu. Ni kweli siku yangu ya kliniki ilipita, iliangukia siku ya kwenda kwa fundi kupimwa nguo, nikasema nitaenda mwezi ujao. Na tangu maneno yale ya mama mkwe kichwa kinaniuma, kinaanza asubuhi na hakiishi hata nikimeza dawa, hasira ni kitu kibaya, na nikiinama kuchota sambaza naona vitu vidogo vinametameta mbele ya macho, nafikiri ni jua linalopiga ziwani.

Shida ya pili ndiyo inayoniumiza. Naogopa kuzaa. Uchungu siuogopi. Naogopa kwamba mtoto akitoka atatoka na mwili wangu, nibaki Kijiti tena, na juzi nilijikuta nimeshika tumbo namwambia, "Kaa kwanza, usiwe na haraka." Mama gani anamwambia mtoto wake hivyo? Je, mi ni mbaya? Na Jumamosi niende, au nimtii mama mkwe? Nimekuachia namba ya simu. Unijibu hata kwa ukali.

Uwineza, Rubona


Uwineza,

Ukurasa huu hutoka Jumamosi, na barua yako niliipata Jumanne. Wasomaji wajue kwamba nilipofika kwenye kile kichwa kisichoisha na hivyo vinavyometameta, niliiweka barua mezani nikakupigia simu. Ulipokea ukicheka, uko sokoni, ukaanza kunieleza rangi ya umushanana. Nikakukatiza: "Funga meza yako sasa hivi. Evode akupeleke kituo cha afya leo, usiseme kesho, na ukifika waambie kwanza habari ya kichwa na macho." Ukaniuliza kama na mimi nimetumwa na mama mkwe. Ungekuwa karibu ningekufinya.

Umeniruhusu kuandika yaliyofuata, nami nayaandika kwa ajili ya wenzako. Presha ilikuwa juu sana. Hawakukurudisha nyumbani, ambulansi ilikuchukua mpaka hospitali, na ninapoandika haya umelazwa, umelalia ubavu wa kushoto, unapewa dawa, na moyo wa mtoto wanausikiliza na unapiga vizuri. Wamekuambia huenda akazaliwa kabla ya siku zake. Mimi si daktari, na wewe hukuniandikia kama daktari. Lakini kila mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki amesikia kwamba mimba ikipandisha presha, uso na mikono huweza kuvimba, kichwa huuma, macho huona yasiyokuwapo, na ukipuuza kinakuja kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kumchukua mama pamoja na mtoto. Uliyasikia hayo na wewe. Siku ya kuyasikia tena ukaenda kwa fundi.

Sasa tumzungumzie mama mkwe wako. Huku kwetu kunona ni sifa, tena sifa kubwa, kiasi kwamba mtu akivimba tunampigia vigelegele. Katika watu wote waliokuzunguka, Mama Mukankusi peke yake ndiye aliyekutazama bila kukusifu, na ndiye aliyeona. Alibonyeza, akaona shimo haliinuki, akajua ni maji. Adabu ya ukwe haikumruhusu kukuambia usoni, akamwambia mwanawe, na mwanawe akacheka. Evode, soma hapa mara mbili: hicho kicheko kilikaribia kukuachia nyumba tupu. Wewe nawe, Uwineza, ulichukua huruma ukaiita mila ya wazee. Naambiwa mama huyo ameshuka tena kutoka Busasamana na analala kwenye mkeka kando ya kitanda chako. Mshukuru kwa mdomo wako, tena leo.

Nije kwenye lile la aibu. Alhamisi ulinipigia unalia. Muuguzi alikuwa amekueleza kwamba sehemu ya unono ule ni maji na yataondoka, nawe ukaniuliza, "Donc hata haukuwa mwili wangu?" Siku ile sikukujibu vizuri. Nakujibu sasa. Maji hayakuwa yako, yaache yaende zake. Lakini matiti yanayojiandaa kunyonyesha ni yako, nyonga zilizofunguka ni zako, tumbo na mstari wake na michirizi yake ni vyako, hukuviazima kwa mtu, na vingine vitabaki nawe mpaka uzeeni. Nimesoma barua za wanawake miaka mingi, nyingi zimelowa machozi juu ya tumbo, juu ya kiuno, juu ya ngozi. Sijapata kusoma ya mwanamke aliyesimama mbele ya kioo mchana kweupe akajiona mzuri bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nilikuonea wivu, nasema kweli, nami ni bibi wa wajukuu.

Hapana, wewe si mama mbaya. Ulimwambia mtoto akae kwanza, na leo madaktari wazima wanahangaika wakimwomba hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wao wanapima presha.

Sitakudanganya. Ukishazaa mwili utapungua, na labda utarudi mwembamba kama ulivyokuwa. Lakini yale macho uliyojifunza kujitazama nayo hayatoki pamoja na mtoto. Ulikaa miaka yote hiyo ukijitazama kwa macho ya watoto wa shule waliokutania, mimba ikakupa ya kwako. Jitazame nayo hata siku nyonga zikiwa ndogo. Ukiyatupa hayo, hapo ndipo nitakapokukasirikia kweli.

Kuhusu harusi, huendi, na sihitaji kueleza. Bella anaolewa leo bila wewe na ndoa itafungwa tu. Usishuke kitandani mpaka waliokulaza wakuambie shuka, hata shangazi Saidati akija na ngoma mlangoni. Ukijifungua usiseme yamekwisha, kwa maana presha hii huweza kupanda hata mtoto akishakuwa mikononi. Rudi wakupime siku watakazokupangia, na kichwa kikianza tena rudi siku hiyo hiyo bila kungoja siku uliyopangiwa. Mimba nyingine ikija, siku ya kwanza kabisa waeleze yaliyokupata safari hii. Na Evode akusindikize kliniki, aingie ndani, aketi, asikie kwa masikio yake.

Nanyi wengine, waume, mashangazi, wanawake wa sokoni, msifuni mjamzito. Anastahili, na sijui kama Mungu ameumba kitu cha kupendeza kumpita. Lakini akikuambia kichwa kinamuuma, usimjibu kwamba amependeza. Mshike mkono, mpeleke.

Mama Illuminée