Siku Zulfa Alipotulia

Jumatano. Mvua imekatika, mtaa wetu wote wa Buyenzi unanuka matope na oili ya magari. Nina hasira, na safari hii hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Binti yangu Zulfa ana miaka tisa na hajawahi kukaa kitini hadi chai ipoe. Shuleni walimrudisha nyumbani mara sijui ngapi. Majirani walisema ana mashetani. Shehe akamsomea, mashetani wakagoma kutoka. Mwishowe daktari mmoja wa watoto, kule mtaa wa Kiriri, akasema ni ugonjwa wa kukosa utulivu na una dawa. Hapa mjini haipatikani, hivyo dada yangu ananitumia kutoka Ubelgiji.

"Haimupi akili, mama," daktari aliniambia. "Inamusaidia kushika kitu kimoja mpaka akimalize."

Nampa kidonge kimoja asubuhi, baada ya kula, kwa sababu kinamkata hamu ya chakula. Kinamshika hadi karibu adhuhuri. Mwezi huu amejaza daftari zima. Nilivimba kichwa, nikalionyesha mtaa mzima.

Lakini vita havina habari na daktari. Nyumbani kwetu likitoka neno "Mukeka!", wote tunalala kwenye mkeka nyuma ya ukuta wa jikoni. Zulfa wa zamani hakuwahi kulitii. Mlio wa kwanza tu, yuko mlangoni anachungulia, nami nyuma yake namvuta gauni.

Jana shule ilifungwa, akawa anafanyia kazi zake mezani. Saa nne asubuhi mabomu yalianza kushuka kutoka milimani. La kwanza liliangukia gereji ya jirani. Nilisikia bati likipasuka, kisha mtu akilia, kisha halii tena. Nikapiga kelele "Mukeka!" na kujitupa chini.

Zulfa alibaki mezani akiandika.

"Zulfa! Mukeka!"

"Ngoja, mama. Namaliza mustari."

La pili lilitikisa nyumba, vioo vikamwagika sakafuni. Nilitambaa juu ya vioo hadi mezani, nikamvuta mguu, akaanguka pamoja na kiti, nikamburuta hadi jikoni. Huko, mabomu yakiendelea, nilimpiga. Nilimpiga makofi usoni, nikampiga mgongoni hadi mkono wangu ukafa ganzi. Nilitaka kukitoa kile kidonge mwilini mwake kwa makofi.

Sijawahi kumpiga vile.

Kulipokuwa kimya nilienda kufungua mlango. Ulikuwa na tundu kubwa kama ngumi chini ya kitasa, mbao zimechanika kuelekea ndani. Kipande cha chuma kilikuwa kimezama kwenye ukuta wa pili. Nilipima lile tundu kwa mkono. Ni usawa wa kifua cha Zulfa, pale pale anaposimama kuchungulia siku ambazo hana dawa.

Nilichungulia nje. Kule gereji walikuwa wanamfunika Salumu, fundi wa breki, kwa turubai la lori. Yeye ndiye aliyempa Zulfa jina la Pikipiki.

Mchana, dawa ilipokwisha, Pikipiki akaanza tena kuruka huku na huku. Halafu akasimama mbele yangu, shavu limevimba.

"Mama, ulinipiga juu ya nini? Kila siku unasema tulia. Leo mi nilitulia."

Nilimpa maji anywe.

Leo asubuhi niliogopa atabaki tena mezani mabomu yakija, sikumpa kidonge. Amevunja vikombe viwili na hajaandika hata herufi moja. Kesho nitahamishia meza nyuma ya ukuta wa jikoni, juu ya mkeka wenyewe, na dawa nitampa.

Na nitamwomba msamaha. Kabla ya dawa, au baada? Kabla, atakuwa ameshatoka mbio sijafika katikati. Baada, atakaa anitazame na kusikia kila neno.

Nitamwomba baada.