Mwaka Usio wa Kengele

Jinja, 6 Juni 1976

Dada yangu Nasimiyu,

Salamu kwako, kwa shemeji Gidudu na kwa mpwa wangu Erisa. Kifua kinanibana kwa vumbi la pamba, lakini nasimama. Mnaendeleaje huko mlimani?

Hapa kiwandani mitambo mingi imelala. Tangu Wahindi wafukuzwe, aliyepewa kiwanda ni afande asiyejua uzi wala sindano, na vipuri havipatikani. Tunafuma nguo, mashati hatuna! Jumamosi naenda Budondo kuwabembeleza wakulima waniuzie mihogo. Zamani wao ndio waliotubembeleza.

Hata hivyo, Erisa akishatahiriwa mwezi wa nane, mlete nimfundishe ufundi. Mji utaamka tu. Na asisahau desturi: kabla ya kisu avuke mpaka, aende kwetu Kenya akawaalike wajomba. Mimi sitapata ruhusa. Mdogo wetu atampokea.

Kaka yako,
Barasa

Milimani, Mbale, 29 Agosti 1976

Kaka Barasa,

Pole na kifua. Sisi wazima, tena tumenenepa!

Erisa alisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Eti aje Jinja? Akafume nini, hewa? Acha nicheke. Siku hizi mji ndio unapanda mlima. Wenye maduka wa Mbale wanakuja kununua sabuni kwangu, mimi mke wa mkulima!

Barua hii anaileta dereva Omollo mkononi, kwa hiyo nasema wazi. Erisa alipokwenda kuwaalika wajomba, kengele za tohara mapajani, unga mwili mzima, kundi lilimfuata likiimba na vikapu vya ulezi wa pombe. Chini ya ulezi ilikuwa kahawa. Chama cha ushirika kinatupa ahadi tu; ng'ambo ya mpaka wanalipa papo hapo. Wanajeshi njiani walipiga makofi. Mmoja alicheza!

Gidudu ameezeka mabati, watu wanamwita mafutamingi, tajiri wa juzi. Pokea sabuni na blanketi.

Mdogo wako,
Nasimiyu

Jinja, 18 Julai 1977

Dada,

Natumaini mko salama. Mimi silali vizuri.

Omollo kaniambia Gidudu anataka kumfunga Erisa kengele tena, avuke na kahawa. Nasimiyu, mmerogwa? Huu si mwaka wa tohara. Tunatahiri mwaka mmoja, tunaruka mmoja. Hata mtoto anajua. Na aliyekwisha kuwa mwanaume hachezi kengele mara ya pili. Waliozikwa wanatazama.

Afande mgeni hatajua, lakini sasa barabarani wanaweka na polisi wenyeji. Magendo siku hizi ni risasi. Hapa Masese, ziwani, wavuvi wanavuta nyavu kwa hofu, na hakuna anayesema amevuta samaki au mtu.

Naitia posta hii, Omollo hasafiri wiki hii. Mwambie shemeji aache. Nakupigia magoti.

Kaka yako,
Barasa

Milimani, 2 Septemba 1977

Kaka,

Nisamehe, leo siwezi kuuliza hali.

Barua yako ilifika juzi, imefunguliwa na kubandikwa tena. Gidudu na Erisa walikuwa wamekwisha kuondoka. Nilimwambia Gidudu mwaka si huu. Akasema tukingoja mwaka wa wazee, bei haitatungoja.

Wanajeshi walicheka kama mwaka jana. Polisi mmoja, mtoto wa milima hii hii, hakucheka. Aliuliza tu, "Mwaka huu?" Kisha akatumbukiza mkono kwenye ulezi. Gidudu walimpiga risasi hapo hapo. Erisa walimtupa kwenye lori.

Tangu siku hiyo nasikia kengele shambani, mchana kweupe. Nikienda, ni migomba tu. Jirani naye anazisikia, ila hataki kusema.

Lori lilielekea kwenu Jinja. Nenda kambini kwa wanajeshi ukamwulizie, kaka. Wewe ndiye mjomba wake, ana nani mwingine?

Mdogo wako,
Nasimiyu

Milimani, 30 Oktoba 1977

Kaka Barasa,

Hujambo? Unakula?

Kahawa imeiva mlima mzima, na wachuuzi wa Mbale wananigongea mlango. Nawafukuza. Wacha ndege wale.

Jana Omollo alikuja. Anasema ulivaa shati safi, ukaenda langoni ukataja jina la Erisa, ukaingizwa ndani. Alikungoja ng'ambo ya barabara mpaka lango likafungwa, hukutoka. Nikamwambia huyo si wewe, amefananisha. Wakenya wako wengi Jinja.

Ni mimi niliyekutuma. Sikuombi tena umtafute mtu. Ukitoka, usipite popote, vuka uende nyumbani. Nami uniandikie. Hata bahasha tupu, kaka. Nitaujua mwandiko wako.

Mdogo wako,
Nasimiyu