Kula na Wenzangu

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, cherehani inazunguka, na mzee wa duka la chini bado anakohoa kama pikipiki iliyogoma kuwaka.

Nimejiunga na kikundi cha kupunguza uzito pale zahanati. Usicheke. Kila Jumamosi tunapimwa, kisha tunakula pamoja mboga, maharage na matunda. Muuguzi wetu hatukatazi hiki na kile. Anasema, "Mtu akila peke yake, hana wa kumwambia nimeshiba. Ndiyo maana nimewaweka pamoja."

Maneno hayo yaliniingia. Tangu shemeji yako atangulie mbele ya haki, bado napika chakula cha watu wawili, na chote nakila mimi, nimesimama jikoni.

Kilo zimepungua kweli. Ila anayefikia uzito aliopangiwa hupigiwa makofi, akaagwa. Jumamosi iliyopita zamu yangu ilikaribia, basi nikanywa jagi zima la maji kabla ya kupanda mizani. Muuguzi akatazama mshale, akanitazama mimi.

"Mama, unaogopa kuagwa?"

Nikashuka, nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Basi wiki ijayo usipime. Njoo mapema unisaidie kukata mboga."

Nitakwenda. Lakini siku nyingine za wiki ni ndefu, dada. Ukipata nafasi, nipigie simu wakati wa chakula cha jioni. Hata tusipoongea, nikusikie tu unatafuna.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi cherehani