Kwa Baba Yetu Metro, Mbwa Mwitu Tuliyemnyoa Ndevu

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokuzika hapa Zoria, katika Januari ile ambayo wachimbaji walilazimika kuwasha moto juu ya kaburi siku nzima ndipo ardhi ikalegea. Mwaka mzima tumekuwa na neno la kukuambia na tumeona haya. Leo tunalisema gazetini, mbele ya watu, kwa sababu hata kosa lenyewe tulilifanya mbele ya watu.

Tulikunyoa ndevu.

Zile ndevu ulizifuga miaka thelathini na moja ili usibandikwe manyoya kwa gundi usoni ulipocheza mtu anayegeuka mbwa mwitu katika filamu zako. Mimi, binti yako Darka, ndiye niliyempa mtu wa kuandaa maiti picha yako ya harusi nikamwambia, "Afanane hivi." Jioni ya sala ya marehemu ukalazwa ukumbini, jeneza wazi kama ilivyo desturi yetu. Watu wakapita, wakachungulia, wakatazamana. Hakuna mtu Zoria aliyekuwa amekiona kidevu chako miaka hiyo yote. Mama Paraska wa nyumba ya pili alisali pale muda mrefu, kisha akanivuta mkono: "Darka mwanangu, huyu mzee wa watu ni nani? Metro mmemlaza wapi?"

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Sisi hatukucheka.

Tangazo lako la kifo niliandika mimi vilevile. Niliandika kwamba ulikuwa fundi wa matrekta, sauti nzito ya kwaya, mume wa Stefka. Yote hayo ni kweli. Lakini filamu zako tisa hazikupata hata nusu mstari. Tisa, Baba! Watu walisafiri kutoka miji ya mbali kuja kuziona kwenye ukumbi wa kanisa, wakikalia viti vya kukunja, nami nikaziruka kana kwamba zilikuwa kesi ya wizi.

Kwa hiyo tuziseme sasa. Ulianza na koti la manyoya la Bibi, lile lililonuka dawa ya nondo, ukalikata ukashonea zipu mgongoni, na Bibi hakukusemesha mpaka Pasaka. Usiku uliutengeneza mchana kweupe kwa kuweka plastiki ya buluu mbele ya kamera. Damu ilikuwa supu ya bitiruti ya Mama, na waliokufa walilamba vidonda vyao kabla hujasema "kata". Mbwa mwitu wako hakula ovyo. Alikula wanaoruka foleni kwenye karamu ya pirohi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, na wanaorudisha toroli la jirani likiwa limevunjika, naye alimwomba radhi kila mmoja wao kwanza: "Samahani, hii itauma kidogo."

Kaka yangu Myron alikushauri uifiche ile zipu. Ulimjibu, "Acha waione. Mtu akiiona zipu anajiambia hapa hakuna cha kuogopa, anaegemea kiti, anaanza kucheka. Hapo ndipo namrukia." Na ni kweli uliturukia. Mimi mwenyewe, ninayejifanya sikuzitazama, nilimwaga kikombe cha chai nikitazama filamu ya nne.

Ulimla kila aliyeomba kuliwa. Wajane, wazee wasio na wake huko mashambani, watu ambao hakuna aliyewagongea mlango tangu mavuno, wote walikupigia simu, nawe ukawapangia kifo kizuri chenye mayowe na chakula baadaye. Rafiki yako Prokop, mshika kamera, ulimla mara saba. Wakati wa mavuno kamera ililala, ukashinda chini ya matrekta ya watu, ukirudi nyumbani una grisi mpaka masikioni.

Mimi niliona aibu. Nilipokuwa mwanafunzi, wenzangu walinibwekea kwenye korido. Niliporudi shule ileile nikiwa mwalimu mkuu, watoto wao wakanibwekea pia. Basi nikajifunza kusema, "Ni michezo ya mzee tu," na kubadilisha mazungumzo. Nililisema hilo hata ulipokuwa umesimama kando yangu.

Siku ya maziko Prokop alikuja na wenzake kumi na mmoja wa filamu zako, kila mmoja ana mkia wa manyoya umebanwa kwa pini nyuma ya koti. Niliwazuia mlangoni mwa kanisa.

"Prokop, hiyo mikia mnavua au mnabaki nje."

"Darka, hatujaja na mzaha. Hii ndiyo sare yetu."

"Leo ni siku ya heshima."

"Kwani sisi tumeleta nini?"

Walikwenda kukaa kwenye magari yao, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, injini zikinguruma ibada nzima. Mmoja tu alirudi mlangoni. Alikuwa Marites, yule muuguzi Mfilipino aliyekuhudumia wiki ya mwisho.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi kazini naona damu ya kweli, na siruhusiwi kulia. Kwa Metro naona damu ya bitiruti. Napiga kelele, nacheka, naenda zangu kulala kama mtoto. Sasa huyo ndiye unamwonea aibu?"

Nilifunga mlango, nikasema baridi inaingia.

Kuna jingine, Baba, na hili sijawahi kumwambia hata Mama lote. Katika filamu ya kumi, uliyokuwa ukiitengeneza, uliniomba nicheze binti wa mbwa mwitu. Onyesho moja, la mwisho: nafungua mlango, nasema maneno mawili. Uliniletea karatasi ofisini, umeitia kwenye bahasha safi na umevaa tai. Nikakuambia, "Baba, nina miaka arobaini na sita. Wazazi wa watoto mia mbili wananitazama." Ukasema, "Haya. Nafasi yako ipo." Hukuniomba tena. Mama alipokutania umtafute binti mwingine, ulimjibu kwamba binti unaye mmoja. Miezi miwili baadaye moyo wako ukasimama, na mimi nikajiambia kwamba ile filamu ilishakwisha hata bila mimi, au uliiacha.

Mwezi uliopita Prokop alibisha hodi. Nilidhani amekuja kunisema, na ningemsikiliza. Aliomba chai, akafungua kompyuta yake. "Tazama tu," alisema.

Ulikuwa kwenye ngazi ya mlango wetu wa nyuma. Koti la Bibi, mdomo mwekundu, theluji yote ya buluu, na ndevu zako, Baba, ndevu zako zote. Unagonga. Unainua macho kana kwamba mtu amefungua. Unasema, "Darka, ni mimi. Nimemla mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Alianza yeye." Kisha unanyamaza. Unautazama ule mlango uliofungwa, na unangoja.

"Hapo ni wewe," Prokop akasema, akaisimamisha picha. "Amekuachia sekunde nane. Nilimwambia, Metro, watu wako tele, tumchukue mwingine. Akaniambia niiache kamera iende."

Nililia mbele ya Prokop, na chai yake ikapoa.

Jumamosi iliyopita tulikusanyika nyumbani. Mama alishika plastiki ya buluu mbele ya kamera na kumwambia Prokop namna ya kupiga picha. Myron alichemsha damu. Wale kumi na mmoja walikuja wote, na mikia yao. Niliwaomba msamaha mmoja mmoja pale uani, na hapa gazetini nawaomba tena, kwa sababu waliozuiwa hadharani wanastahili kuombwa radhi hadharani. Nilipofika kwa Marites akaniambia, "Tumesikia, mwalimu. Sasa sogea, unatuwekea kivuli."

Nilikosea mara kumi. Mara nilicheka, mara nilisema kabla ya kufungua mlango. Mama akapoteza subira: "Maneno mawili, Darka! Na wewe ni mwalimu!" Mara ya kumi na moja nilifungua mlango, nikatazama mahali ulipokuwa umesimama, nikayasema.

Jumapili hii baada ya sala ya mwaka na chakula, filamu yako ya kumi itaonyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa. Wote mnakaribishwa, na mikia ni ruhusa. Padri ametuuliza kama kuna matusi. Tumemjibu hakuna, ni damu tu. Ametuuliza tena, kwa sauti ya chini, kama yeye analiwa. Tumemwambia aje aone.

Baba, Prokop ameshaziunganisha zile picha, na mimi nimeziona. Unagonga, nafungua. Unakiri kuhusu mwenyekiti. Nami nasema, "Ingia, Baba." Hapo unajifuta mdomo kwa mkono wa koti, na unanijibu, wewe uliyekuwa ukizungumza na mlango uliofungwa:

"Nilijua utafungua."

Unakumbukwa na mkeo Stefka, mwanao Myron, wajukuu wako Zenon na Lesia, Prokop Hulko na wenzake kumi na mmoja, ambao kuanzia leo tunawaandika pamoja na familia, na mimi Darka, binti yako mmoja, niliyechelewa.

Kumbukumbu yako na iwe ya milele, nasi tuwe wa kuitunza siku zote.